Kukarabati fleti bila kumvujishia jirani wa chini: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Naweza kuvunja ukuta wa jiko nipate sebule kubwa?" "Choo nikihamishie upande wa pili?" "Fundi anasema marumaru mpya zipigwe juu ya zile za zamani, ni sawa?" Mara nyingi anayeuliza ameshanunua marumaru, fundi ameshachukua kianzio, na jibu pekee analotaka kusikia ni ndiyo. Nimeyaweka majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inakwenda, uyasome kabla hujatoa hata shilingi.

Mifano yangu ni ya Dar es Salaam: fleti kongwe za Upanga na Kariakoo, za Shirika la Nyumba, na maghorofa mapya ya Masaki, Mikocheni na Kigamboni. Aliye Arusha, Mombasa au Nairobi atabadilisha majina ya ofisi tu. Slabu, yaani zege la sakafu ya ghorofa, ni slabu.

Shika jambo moja. Kwenye nyumba ya chini, ukikosea unajiumiza mwenyewe. Ghorofani sakafu yako ni dari la mtu, na maji yako yakikosa njia yatapita sebuleni kwake. Karibu kila kosa nitakalolitaja hapa linatokana na kusahau hilo, au na kuanza na urembo kabla ya bomba.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Nakala ya hati au mkataba wako, pamoja na kanuni za jengo. Kama hukupewa kanuni siku ya kununua, ziombe kwa uongozi wa jengo.
- Kibali cha maandishi cha chama cha wamiliki au cha mwenye jengo. Kama wewe ni mpangaji, barua ya mwenye nyumba ndiyo ya kwanza.
- Michoro ya jengo, hasa ya nguzo na bimu (mihimili ya zege), na ya mabomba. Ikikosekana, tenga pesa ya mhandisi aje kuangalia.
- Fundi bomba na fundi umeme waliowahi kufanya kazi ghorofani. Wa umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, na uione kwa macho.
- Mchanganuo wa gharama ulioandikwa, wa vifaa mbali na wa ufundi.
- Akiba ya asilimia 15 juu ya makadirio. Kwa jengo la miaka ya 1960 au 1970 weka 20, maana ukifungua ukuta utakuta mabomba ya chuma yaliyooza.
- Mahali pa kulala kazi ya choo ikiwa inaendelea. Watu hulisahau hili mpaka choo kinapong'olewa.

1. Jua kipi ni chako na kipi ni cha wote

Kununua fleti si kununua kila unachokigusa. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Na. 16 ya mwaka 2008. Kwa mpango huo wewe una sehemu yako, na vile vya jengo zima unavimiliki pamoja na wenzako. Wakenya nao wana sheria yao ya mwaka 2020 inayofuata wazo hilo hilo. Kwa kawaida nguzo, bimu, slabu, kuta za nje, paa, ngazi, lifti na mabomba makuu ya wima ni vya wote, hata kama bomba hilo limepita ndani ya kabati lako la jikoni.

Kwa hiyo kufunga balkoni kwa vioo vya alumini, kubadilisha rangi ya madirisha, kutoboa ukuta wa nje kwa ajili ya AC au kuunga bomba lako kwenye bomba kuu si mambo ya kuamua peke yako. Andika barua fupi: kazi zipi, kuanzia lini hadi lini, mafundi ni nani, kifusi kitashushwa kwa njia gani. Omba jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo hufa siku mwenyekiti anapobadilishwa.

Kama kazi inagusa ukuta unaobeba uzito wa jengo au inabadilisha muundo, unahitaji pia kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kupaka rangi na kubadilisha kabati hakukupeleki huko.

2. Shuka ngazi, piga hodi

Nenda kwa jirani wa chini kabla nyundo haijagonga. Mweleze kazi, mwachie namba yako, kisha omba kupiga picha za dari la choo chake, jiko lake na eneo lililo chini ya balkoni yako. Zipige mkiwa wote na mtumiane hapo hapo, ziwe na tarehe.

Fleti nyingi tayari zina madoa ya zamani, na ukianza kubomoa kila doa litakuwa lako. Picha hizo zitamaliza ubishi. Pia utajua kitu ambacho mchoro hauonyeshi: kama mabomba yako ya maji taka yananing'inia chini ya slabu, ndani ya silingi bodi yake. Yakiwa huko, kazi yoyote ya kubadilisha bomba la choo chako itafanyikia nyumbani kwake, na utahitaji ruhusa yake na siku atakayokuwepo.

Jirani wa pembeni na wa juu mpe taarifa ya kelele tu.

3. Ukuta gani unavunjika

Fundi akigonga ukuta kwa ngumi na kusema "huu haubebi kitu", mshukuru kisha mwite mhandisi. Maghorofa mengi mapya yamejengwa kwa nguzo na bimu za zege, na tofali zilizo katikati ni za kujaza tu. Lakini majengo ya zamani ya ghorofa mbili tatu mara nyingi hubebwa na kuta zenyewe. Kuna dalili chache za kukutahadharisha, ingawa hazitoshi kukupa ruhusa: ukuta mnene kuliko wenzake, ukuta ulio mahali pale pale kwenye kila ghorofa, ukuta ulio chini ya bimu, na ukuta wa lifti au ngazi. Hivyo viache.

Nguzo na bimu hazitobolewi, hazichongwi kupitisha bomba, na nondo ikijitokeza haikatwi kwa grinda eti inazuia kabati. Baadhi ya maghorofa mapya yana slabu zenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani ya zege. Ukikata waya mmoja kwa drili unahatarisha maisha yako na slabu yenyewe. Uliza kabla ya kutoboa sakafu au dari kwa kina.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Tangu hapo viongozi wengi wa majengo ya katikati ya jiji wamekuwa wakali wakisikia nyundo, na wana haki.

Hata ukuta usiobeba una mipaka. Njia ya bomba au waya ikichimbwa wima isizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na ikichimbwa mlalo isizidi sehemu moja ya sita. Kwenye tofali la inchi 6, mchimbo mlalo ni kama inchi moja. Fundi umeme anayechora mstari mlalo wa inchi tatu ukutani kwa grinda anaukata ukuta wako kiunoni.

4. Piga hesabu ya uzito

Hapa ndipo watu wengi hawafiki kabisa. Slabu ya makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba watu na samani za kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, ukiacha uzito wake yenyewe na wa sakafu iliyopangwa tangu mwanzo. Sasa tazama:

- Sakafu ya simenti na mchanga ya sentimita moja ni kama kilo 20 kwa mita ya mraba. Fundi akitaka "kusawazisha" kwa sentimita 5, ni kilo 100.
- Marumaru za posileni zenye unene wa sentimita moja, pamoja na gundi yake, ni kilo 25 hivi.
- Ukuta mpya wa tofali la inchi 6, lipu pande zote mbili, kimo cha mita 2.7: karibu kilo 900 kwa kila mita ya urefu.
- Ukuta wa jipsamu wa kimo hicho hicho: chini ya kilo 100.
- Simtanki la lita 1,000 likijaa: tani moja, juu ya eneo la kama mita moja ya mraba.

Kutokana na hayo, kugawa chumba ghorofani fanya kwa jipsamu. Simtanki lisiwekwe balkoni, maana balkoni nyingi zimeshikwa upande mmoja tu. Na marumaru juu ya marumaru inawezekana ikiwa za zamani zimeshika vizuri zote (zigonge moja moja, usikie sauti), ikiwa milango itafunguka, na ikiwa si chooni. Chooni bandua mpaka uione slabu, kwa sababu dawa ya kuzuia maji iko chini ya marumaru za zamani na huwezi kujua kama bado inafanya kazi.

Usirundike simenti na mchanga sehemu moja. Viroba 20 vya simenti ni tani moja. Visambaze kandokando ya kuta, na vilete kwa awamu.

5. Panga njia ya kifusi na saa za kelele

Ulizia saa zinazoruhusiwa kugonga, lifti ipi itatumika na nani atalipa ikikwaruzwa. Kifusi kipakiwe kwenye viroba nusu nusu, maana kiroba kilichojazwa hupasukia kwenye ngazi. Hakitupwi kupitia dirishani wala kumwagwa kwenye jalala la jengo. Tafuta kirikuu na dereva anayejua anakipeleka wapi.

Kazi za balkoni na madirisha zisiangukie masika, Machi hadi Mei. Dawa ya kuzuia maji ikinyeshewa kabla haijakauka umeitupa.

6. Kubomoa

Kwa mpangilio huu: funga maji kwenye koki kuu na ufungulie bomba zilizobaki zimwage, zima meinswichi, kisha fundi umeme apime kwa testa kila waya utakaoguswa, ziba matundu yote ya maji taka kwa matambara na plastiki. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Vipande vya simenti vikidondokea kwenye bomba la inchi 4 vinaganda kwenye kona ya chini, na baada ya miezi miwili choo cha ghorofa ya kwanza kinarudisha maji. Watakuja kwako.

Kwenye jengo la zamani, ukikuta bodi au bomba la kijivu lenye nyuzinyuzi, lichukulie kuwa ni asbesto. Usilikate kwa grinda wala kulisaga. Liache na uulize.

7. Bomba na umeme kwanza, vyote, kabla ya lipu

*Choo hakihami kirahisi.* Bomba la choo ni la inchi 4 na linahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Ukisogeza choo mita mbili kutoka kwenye bomba kuu, unahitaji sentimita 5 za mteremko na sentimita 11 za bomba lenyewe. Ongeza cha kulifunika, na sakafu ya choo itapanda hadi kuwa ngazi. Fundi asiyetaka kukuambia hivyo atalilaza bomba bila mteremko, na litakuwa linaziba kila baada ya wiki chache. Mwingine atapendekeza atoboe slabu. Jibu ni hapana. Geuza choo, badilisha sinki upande, punguza bafu, ila choo chenyewe kibaki karibu na bomba lake. Kwa sababu hiyo hiyo jiko halihamii chumbani, na choo kipya hakiwekwi juu ya chumba cha kulala cha mtu.

*Maji safi.* Mabomba ya PPR (plastiki ngumu) yanayounganishwa kwa moto ndiyo ya kawaida siku hizi. Weka koki ya kufungia kwa kila choo na kwa jiko, mahali mkono unapofika. Mabomba yakishalazwa, kabla hayajafunikwa, fundi alete pampu ya mkono ya kupimia presha, apandishe hadi bar 10 na aache angalau saa moja. PPR hutanuka kidogo mwanzoni, kwa hiyo mshale ukishuka mara ya kwanza apandishe tena. Ukiendelea kushuka kuna mahali panavuja. Usikubali jibu la "tumefungulia maji hayajavuja". Maji ya simtanki la juu ya paa hayana presha ya kukuonyesha kiungo kibovu.

Kabla ya kufunika, piga picha kila ukuta ukiwa umelaza futi kamba pembeni. Siku unatoboa kuning'iniza kioo utajua bomba liko wapi.

*Umeme.* Waya za milimita 1.5 za mraba ni za taa, 2.5 ni za soketi, na jiko la umeme lipewe 6 na breka yake peke yake. Shawa ya umeme ya kilowati 7 inakula ampia 30. Ukiiunga kwenye waya wa soketi, waya unachemka ndani ya ukuta bila wewe kuona. Ipewe 6 na njia yake. Dai kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30, hasa kwa soketi za jikoni na shawa. Na kabla ya kuongeza AC ya tatu, uliza njia ya umeme inayokuja kwenye mita yako ya LUKU inabeba kiasi gani.

Soketi zihesabu ukiwa umesimama ndani ya chumba na kujua kitanda, friji na runinga vitakaa wapi. Kuongeza moja sasa ni kazi ya nusu saa. Baada ya rangi ni kubomoa upya.

8. Zuia maji chooni, kisha jaribu

Ukiwa na pesa ya kufanya vizuri kitu kimoja tu, iwe hiki.

Slabu isafishwe mpaka vumbi liishe. Kona ambapo sakafu inakutana na ukuta ipigwe simenti ya mviringo kidogo, kwa kuwa dawa hupasuka kwenye kona kali. Mzunguko wa kila bomba linalopita kwenye slabu uzibwe kwa simenti isiyosinyaa, maana madoa mengi kwenye dari za watu huanzia hapo na si katikati ya sakafu. Kisha dawa ya kuzuia maji ipakwe mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, kwa muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye ndoo na si ule fundi anaoukumbuka. Ipande ukutani angalau sentimita 15 choo kizima, na mita 1.8 upande wa shawa. Ipite na chini ya kizingiti cha mlango, la sivyo maji yatatoroka kupitia simenti ya chini ya marumaru kwenda koridoni.

Jaribio ni rahisi na halina gharama: ziba tundu la sakafuni, jaza maji kimo cha sentimita 3 hivi, weka alama ya penseli ukutani, acha saa 24. Kesho yake shuka kwa jirani uangalie dari lake. Kavu? Endelea. Kuna unyevu? Umeokoa marumaru zako zote.

Fundi atalalamika kuwa anapoteza siku. Apoteze.

9. Sakafu, lipu na jipsamu

Sakafu ya choo imwage maji kuelekea tundu kwa sentimita 1.5 hadi 2 kwa mita, na upime mwenyewe kwa pimamaji kabla haijakauka. Mwaga kikombe cha maji utazame yanaenda wapi.

Sakafu mpya ya simenti hukauka takribani milimita moja kwa siku. Sentimita 5 ni wiki saba, na kwa unyevu wa pwani huenda zaidi. Marumaru zinavumilia. Sakafu ya mbao, laminati na vinili hazivumilii, zitavimba na kujikunja. Njia ya kujua: bandika kipande cha plastiki cha mita moja kwa gundi pande zote, kesho yake angalia. Kukiwa na matone chini yake, subiri.

Silingi ya jipsamu chooni iwe ya aina inayostahimili unyevu, na iachiwe mlango mdogo wa kufikia mabomba. Skimu isipakwe kwenye lipu mbichi.

10. Marumaru

Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo, 15 kama zinalazwa kimshazari. Boksi la 60 kwa 60 lenye vipande vinne linafunika mita za mraba 1.44. Soma namba ya toleo na ya kivuli cha rangi kwenye kila boksi, zote zifanane. Maboksi mawili ya jina moja yenye namba tofauti yatatofautiana rangi ukutani, na duka halitarudishia pesa. Boksi moja lihifadhi juu ya kabati kwa matengenezo ya baadaye.

Posileni hainywi maji, kwa hiyo uji wa simenti hauishiki. Tumia gundi ya marumaru, ipakwe kwa mwiko wenye meno sakafu nzima. Mafundi wengi huweka madonge matano, manne kwenye kona na moja katikati. Ndiyo sababu ya ule mlio wa utupu, na ndiyo sababu zinapasuka siku kisigino cha kiatu kinapopiga pasipo na gundi. Gonga kila kipande kabla hujalipa.

Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kipande na kipande, na ya milimita 5 kandokando ya ukuta itakayofichwa na skatingi. Zikibanwa ukuta kwa ukuta, joto likipanda zitainuka katikati ya sebule kwa kishindo.

11. Kabati, AC, rangi

Kabati la jikoni lipimwe baada ya marumaru, si kwa mchoro. Bodi za kawaida za unga wa mbao hazipendi maji, kwa hiyo chini ya sinki weka za kustahimili unyevu na unyanyue kabati kwa miguu ya plastiki.

Maji ya AC yaende kwenye bomba la maji machafu, kwa mteremko, si kudondokea nguo za jirani. Ugomvi huu ni wa kila jengo la Dar es Salaam. Mashine ya nje ikae mahali fundi anaweza kuifikia bila kuning'inia. Karibu na bahari, bolti na vishikizo vya chuma cha kawaida huliwa na chumvi haraka. Nunua vya chuma kisichoshika kutu.

Rangi ni ya mwisho. Hilo wote wanalijua, lakini wote wanaharakisha.

12. Malipo

Vifaa vya gharama nunua mwenyewe, au nenda na fundi dukani. Baadhi ya maduka humpa fundi kamisheni, nawe huioni kwenye risiti. Pesa ya ufundi ilipwe kwa hatua iliyokamilika: baada ya kubomoa, baada ya jaribio la presha, baada ya jaribio la maji chooni, baada ya marumaru. Usilipe kwa siku wala kwa huruma ya "nyumbani kuna mgonjwa". Mkopeshe ukipenda, ila usiiite malipo ya kazi. Shikilia asilimia 10 kwa miezi mitatu hivi, na kama kulikuwa na kazi ya balkoni au madirisha, mpaka mvua kubwa moja ipite. Liandikeni hilo mwanzoni, maana fundi mzuri hulikubali na Fundi Maiko, yaani mbabaishaji, huanza kununa.

Mambo yakiharibika

*Jirani wa chini ana doa.* Usianze kubomoa. Funga bomba zote za ndani ila koki ziache wazi, kisha tazama mita ya maji. Ikizunguka, ni bomba la maji safi. Ikitulia, ni maji taka au sakafu ya choo. Ziba tundu, mwaga maji yenye rangi ya chakula eneo la shawa peke yake, subiri. Kesho jaribu kuflashi choo kwa rangi nyingine. Rangi itakayojitokeza chini itakuambia pa kufungua.

*Choo kinanuka ingawa ni kipya.* Mwaga maji kwenye tundu la sakafuni. Harufu ikikata, maji ya trapu (kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu) yalikuwa yamekauka, tundu hilo ni la kumwagia mara kwa mara. Ikiendelea, huenda fundi hakuweka trapu kabisa, au choo hakijakaa sawasawa kwenye bomba lake.

*Maji yanatoka kidogo.* Fungua vichujio vya kwenye midomo ya bomba na shawa. Mabaki ya PPR na mchanga hujaa humo wiki za kwanza. Kama vyote ni safi, kagua koki kama imefunguliwa hadi mwisho, halafu ndiyo uwaze pampu.

*Breka inajikata.* Chomoa kila kitu, iwashe, kisha rudisha kimoja kimoja. Ikijikata hata bila kitu, waya umejeruhiwa ndani ya ukuta. Zile picha za kuta zitoe sasa. Usibadilishe breka iwe kubwa zaidi ili ikae. Hapo umeondoa ulinzi na kuuacha moto.

*Rangi inamenyuka na unga mweupe unatoka ukutani.* Ni unyevu unaobeba chumvi. Kupaka rangi nyingine ni kuficha kwa mwezi mmoja. Tafuta maji yanakotoka, kausha, kwangua hadi kwenye lipu, ndipo upake.

*Uongozi wa jengo umesimamisha kazi.* Simamisha kweli, siku hiyo hiyo, na uombe sababu kwa maandishi. Anayeendelea kugonga usiku humaliza ubishi akiwa kituo cha polisi.

*Nyufa zimetokea.* Zile nyembamba kama unywele, kwenye maungio ya jipsamu au mahali tofali zinapokutana na nguzo, ni za kawaida, zifunikwe kwa wavu na skimu. Ufa unaokwenda kimshazari kutoka kona ya mlango, unaotokea pande zote mbili za ukuta, au ulio kwenye bimu na slabu, ni habari nyingine. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, piga picha, ondoa mizigo yote iliyo juu yake, na mwite mhandisi aliyesajiliwa kabla mafundi hawajarudi kazini.